Bango linaloongea kwa picha: hatua kwa hatua kwa dizaina anayeanza

Nimechoka kujibu swali hili kwa voisi noti kwa hiyo naliandika mara moja tuyamalize. Linakuja kwa sura tofauti ila ni lile lile: kaka nimepata kazi ya bango la barabarani, mteja anataka kitu kikali, naanzia wapi? Alafu mtu anakutumia alichofanya, unafungua unakuta dada anatabasamu kashika bidhaa, logo kona ya juu, namba tatu za simu, alama ya WhatsApp, alama ya Instagram, na neno OFA ndani ya kile kinyota chekundu. Hiyo ni flaya imekuzwa. Imelipiwa hela ya bango lakini ni flaya.

Mwongozo huu haufundishi Photoshop. Unahusu kazi ya kabla hujafungua kompyuta, yaani kuifanya picha yenyewe imshawishi mtu badala ya kuitumia kama pambo la maneno. Nadharia yake ni fupi. Zile tamathali za semi ulizokariri sekondari, sitiari, tashihisi, mubalagha, kejeli, takriri, zote zinafanya kazi kwenye picha kama zinavyofanya kwenye shairi. Na bango zuri ni kitendawili: wewe unatega, mpita njia anategua mwenyewe, na kwa sababu jibu kalitoa yeye habishani nalo. Ukimpa jibu mkononi anaanza kukukatalia. Ukimtegea kigumu sana hakuna muda wa yeye kukupa mji ili umtegulie, gari imeshapita.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Dai la mteja kwa sentensi moja. Sio kurasa nne za wasifu wa kampuni.
- Lokesheni halisi ya bango, na nauli ya kwenda kulitazama kwa macho yako.
- Vipimo kutoka kwa mwenye bango: upana na urefu kamili, sehemu inayomezwa na fremu, lina taa usiku au halina, ni la kuchapwa au la skrini.
- Karatasi za kuchafua na maka peni nene. Penseli iliyochongwa vizuri inakushawishi uweke vitu vidogo vidogo, na bangoni vitu vidogo havipo.
- Simu yenye kamera.
- Watu watatu wasiojua kazi yako: boda wa kijiweni, mama ntilie, mlinzi wa geti. Dizaina mwenzako hafai hapa, yeye ataangalia fonti.
- Jibu la kibali. Muulize mwenye bango nani anashughulika na halmashauri au kaunti, na kama liko kwenye hifadhi ya barabara kuu kuna mamlaka ya barabara pia. Uliza mwanzo kabisa, maana kuna watu wamechapa ndipo wakakumbuka.

Ili tusiongee hewani tutatumia mteja mmoja wa kubuni njia nzima: jamaa anauza matenki ya maji Dar. Anachotaka kusema ni kwamba ukiwa na tenki lake, mgao wa maji haukusumbui.

Hatua ya 1: Nenda barabarani uhesabu sekunde

Simama pale ambapo bango linaanza kuonekana vizuri, sio pale linapoanza kuonekana tu kama kibati kwa mbali. Piga hesabu. Gari linalokwenda spidi 50 linakula mita 14 hivi kila sekunde, kwa hiyo kama bango linasomeka kuanzia mita 100 dereva ana sekunde 7, na humo ndani anaangalia boda anayemkatiza, konda aliyening'inia na shimo. Kwenye spidi 80 zinabaki sekunde nne na nusu. Sekunde zako za kweli ni kama nusu ya hizo.

Sasa kinyume chake. Kama bango liko kwenye foleni ya jioni, watu wanakaa chini yake dakika kumi na hawana pa kuangalia, hapo unaweza kutega kitu kinachohitaji kufikiriwa kidogo. Abiria wa daladala aliyekaa dirishani naye ni mtu tofauti na dereva, anaona kwa ubavu na ana muda. Amua unaongea na nani kati ya hawa. Bango moja halitoshi wote.

Ukiwa pale angalia vitu ambavyo hutaviona kwenye kompyuta: mwarobaini unaokua mbele ya kona ya chini, nyaya za umeme, rangi ya ukuta wa nyuma, na jua. Watu wanaoelekea magharibi jioni wana jua usoni, na bango linalowatazama linakuwa kivulini, kwa hiyo picha ya giza giza hapo itakuwa shimo jeusi saa kumi na moja ambapo ndio watu wengi wanapita. Piga picha kutoka usawa wa macho ya dereva, utazihitaji hatua ya 8.

Hatua ya 2: Andika dai moja lenye kitendo

"Ubora wa kuaminika" haichoreki. "Suluhisho lako la maji" haichoreki. Dai linalochoreka lina kitendo ndani yake, mtu fulani anafanya au haachi kufanya kitu fulani. La matenki yetu: *Ukiwa na tenki hili huendi tena kuchota maji.*

Umeona? Hapo tayari kuna ndoo, kuna foleni bombani, kuna mtu aliyekuwa anaamka saa kumi usiku na sasa amelala. Vyote hivyo vinachoreka.

Onyo: mteja akikuambia ana madai matano na yote ni muhimu, mwambie achague moja au alipie mabango matano. Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia, na sio kwenye dizaini.

Hatua ya 3: Lipitishe dai kwenye tamathali, moja moja

Hii ndio hatua yenyewe. Chukua karatasi, kila tamathali ipe ukurasa wake, chora vibaya na haraka. Usitafute nzuri, jaza kurasa kwanza.

*Sitiari.* Kitu kimoja kinakuwa kingine. Kwenye picha kuna njia tatu: kuviweka viwili sambamba, kuviunganisha vikawa kimoja, au kukiondoa kimoja na kuweka kingine mahali pake. Ya kuunganisha ndio tamu zaidi. Mwaka 2012 ejensi ya matangazo ya Ogilvy, tawi la Shanghai, ilitoa tangazo la Coca-Cola lililochorwa na kijana mwanafunzi wa Hong Kong, Jonathan Mak: eneo lote jekundu, mikono miwili myeupe inapeana chupa. Ukikazia macho unagundua mikono ile ndio ule utepe mweupe wa Coca-Cola wenyewe, umepinda vilevile. Hakuna sentensi yoyote pale ya kukuambia kwamba kinywaji hiki ni cha kushiriki na mwenzio, umeisema wewe kichwani. Lilipata tuzo kuu ya matangazo ya nje kule Cannes, kwenye tamasha la matangazo, mwaka huo huo. Angalia walivyobana matumizi: rangi chache, umbo moja, basi.

*Sehemu kwa kizima.* Unaonyesha kipande, akili inajaza kilichobaki. McDonald's Canada mwaka 2018 walikata ile M yao ya njano vipande vipande, kila bango likabaki na kipande kimoja cha tao ambacho kinapinda kama mshale wa barabarani kukuelekeza kushoto au kutokea njia inayofuata. Logo kamili hawakuweka na kila mtu aliijua. Lakini jamani, hii ni ya wenye jina. Mteja wako aliyefungua duka juzi hana tao la kukata, ukikata logo yake hakuna kitakachojazwa.

*Tashihisi.* Kitu au mnyama anafanya mambo ya mtu. Mfano wa darasani ni ng'ombe wa Chick-fil-A, migahawa ya kuku ya Marekani, walioanza mwaka 1995 kupitia ejensi ya The Richards Group. Ni sanamu za ng'ombe zimepanda kwenye bango na brashi ya rangi, wanaandika kwa spelingi mbovu kwamba watu wale kuku zaidi. Kinachofanya wazo lisimame sio uchekeshaji wa ng'ombe mwenye brashi, ni kwamba ng'ombe ana *sababu*. Kila kuku anayeliwa ni baga moja imepungua. Dizaina wengi wanaiga nusu ya kwanza tu, wanaweka macho na mdomo kwenye chupa ya sabuni alafu chupa haina jambo lolote inalolitaka.

*Mubalagha.* Kutia chumvi, ila bangoni chumvi inakuwa tamu zaidi ukiifanya kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 gundi ya Araldite ilibandika gari zima, gari la kweli, kwenye bango London. Maneno yalisema tu kwamba gundi hiyo inabandika na mikono ya mabirika. Baadaye wakaongeza gari la pili juu ya la kwanza. Picha imetia chumvi, maneno yamepunguza, na kicheko kiko katikati. Shika sana hilo: vyote viwili vikipiga kelele, kicheko kinakufa.

*Kejeli.* Unachukua picha ya mtu mwingine unaigeuza. Jimbo la California miaka ya 1990 kwenye kampeni ya kupinga sigara walipiga mandhari ile ile ya wachunga ng'ombe juu ya farasi wakati wa machweo ambayo sigara za Marlboro zilikuwa zimeijenga kwa miongo, alafu mmoja anamwambia mwenzake: "Nalikumbuka pafu langu, Bob." Hela iliyotumika kuijenga ile picha ya ushujaa ikawa inafanya kazi upande wa pili. Sharti lake ni moja, picha unayoikejeli lazima iwe inajulikana na kila mtu anayepita hapo, la sivyo umetengeneza tangazo la adui.

*Takriri.* Kurudia kitu mpaka wingi wenyewe uwe hoja. Bango la chama cha Conservative Uingereza mwaka 1978, kazi ya ejensi ya Saatchi & Saatchi: foleni ndefu ya watu inayojipinda kutoka kwenye ofisi ya wasio na ajira, na maneno juu yake kwamba Labour haifanyi kazi, ambayo kwao yana maana mbili kwa kuwa labour ni jina la chama tawala cha wakati ule na pia ni neno la kazi. Kwa taarifa yako ile foleni ilikuwa ya watu wachache wa kujitolea kutoka vijana wa chama eneo la Hendon, walikuja pungufu ya waliotarajiwa, wakapigwa picha mara nyingi na kuunganishwa. Ukiangalia kwa karibu ni watu wale wale. Nakuambia hili kwa mambo mawili, kwanza ujue kwamba foleni ndio iliyobeba hoja na sio nyuso, pili ujue kwamba tamathali haina dini, inashawishi kwa ukweli na kwa uongo kwa nguvu ile ile. Dai la mteja lichunguze kabla hujaliongezea picha.

Sasa tenki letu. Kurasa zangu zingekuwa na vitu kama hivi:

- Sitiari: tenki kama ngamia mwenye nundu. Limeshatumika na wengi, pita.
- Mubalagha: mtaa mzima uko kwenye foleni ya bomba, nyumba moja mtoto anaogelea kwenye beseni. Inaeleweka, ila ina watu wengi mno kwa sekunde nne.
- Takriri: madumu ya njano yamepangwa foleni mpaka mwisho wa picha, na pengo moja katikati ambapo dumu limeondoka. Sio mbaya.
- Tashihisi: madumu mawili ya njano yamekaa chini ya mwembe yanacheza bao. Neno moja: *Tumestaafu.*
- Sehemu kwa kizima: dumu moja la njano limekatwa juu, limejazwa udongo, mchicha umeota. Maneno: *Limepata kazi nyingine.*

Hayo mawili ya mwisho ndio ya kupeleka mbele. Angalia kwamba tenki halimo kwenye picha yoyote kati ya hizo.

Hatua ya 4: Pima pengo

Chukua mchoro, funika maneno, jiulize: mpita njia anatakiwa aruke wapi? Kwenye dumu la mchicha anaruka hivi: dumu halibebi maji tena, kwanini, kwa sababu maji yapo nyumbani, yapo kwa sababu gani, ah, tenki. Kila kituo hapo mtu wa Dar anakijua bila kufundishwa, dumu la njano ameshalibeba, na makopo ya mchicha uani ameshayaona. Kwa hiyo kuruka ni rahisi.

Pengo liwe moja. Ukiwa na sitiari ndani ya kejeli na juu yake maneno yenye maana mbili, umewaandikia majaji wa mashindano.

Kosa la kinyume ni kulifukia pengo kwa woga. Mteja anasema "watu hawataelewa, weka na tenki pembeni, weka na mshale". Ukikubali, dumu la mchicha linageuka pambo la pembeni na tenki linakuwa tenki kama la jirani yake. Logo na jina la bidhaa vinatosha kuwa ufunguo.

Hatua ya 5: Maneno yawe nanga

Mwaka 1964 mwanazuoni Mfaransa Roland Barthes alichambua tangazo la tambi la Panzani, kikapu cha wavu chenye nyanya, pilipili hoho na pakiti za tambi, na moja ya hoja zake ni kwamba picha inabeba maana nyingi kwa mpigo na kazi ya maandishi ni kuzitia nanga zisielee ovyo. Kwa lugha yetu ya kazi: picha ikiweza kusomwa kwa namna tatu, maneno yachague moja. Hayaelezei kilichopo. Ukiwa na dumu lenye mchicha usiandike "dumu lenye mchicha", wala "hutachota maji tena", maana hilo ndio jibu la kitendawili.

Maneno saba ni mengi tayari. Ya kwetu ni matatu.

Na kama una maneno mazuri kuliko picha zote ulizochora, acha picha. Jarida la The Economist kule Uingereza, kuanzia mwaka 1988 chini ya mwandishi wa matangazo David Abbott, walienda na eneo jekundu na maandishi meupe tu. Moja lilisema kwa tafsiri ya haraka: "Mimi huwa sisomi The Economist", na chini yake anayesema anatajwa kuwa ni mwanagenzi wa umeneja, umri miaka 42. Hakuna picha lakini mzee wa miaka 42 ambaye bado yuko kwenye mafunzo unamuona kabisa, mpaka shati lake.

Hatua ya 6: Jiulize kama bango lenyewe linaweza kuwa hoja

Bango sio karatasi, ni kitu kilichosimama mahali, kina kivuli, kina upepo, kuna ndege zinapita juu yake. Chicago mwaka 2006 ejensi ya Leo Burnett waliwawekea McDonald's bango lililokuwa saa ya jua, kivuli cha yale matao kinaangukia chakula tofauti cha asubuhi kadiri saa zinavyosogea mpaka mchana. BBC mwezi wa kwanza 2020 wakati wa kutangaza tamthilia ya Dracula walichomeka vigingi kwenye bango jeupe, mchana unaona vigingi vya ajabu tu, giza likiingia taa ya pembeni inawaka na kivuli cha vigingi kinakuwa uso wa Dracula. British Airways mwaka 2013 pale Piccadilly Circus, London, walikuwa na skrini ambayo mtoto anasimama na kunyoosha kidole angani pale pale ndege yao ya kweli inapopita, na namba ya safari na mji inakotoka vinaandikwa.

Ila ninalolipenda kuliko yote ni la Lima, Peru, la chuo cha uhandisi UTEC, mwaka 2013. Lima mvua ni ya kutafuta kwa tochi lakini hewa ina unyevu mwingi sana. Bango lao lilikuwa na mitambo ya kuvuna unyevu huo na kuusafisha uwe maji ya kunywa, bomba liko chini, watu wanakinga. Zaidi ya lita 9,000 kwa miezi mitatu. Chuo kilikuwa kinatafuta wanafunzi wa uhandisi, na dai lake kwamba uhandisi unabadilisha maisha halikuhitaji picha ya kijana mwenye kofia ngumu, lilikuwa linatiririka.

Huna bajeti hiyo, najua. Lakini swali la "hapa mahali pana nini?" ni bure. Bango la tenki likiwa jirani na kituo ambapo watu wanapanga madumu kila asubuhi, umeshapata nusu ya picha bila kulipia.

Onyo: usiwe na haraka ya kufanya hatua hii ili tu uonekane mbunifu. Kama kivuli, kona au daraja havisemi dai lako, bango la kawaida linatosha.

Hatua ya 7: Panga

Hapa napita haraka kwa sababu ndio sehemu mnayoijua.

- Kitu kimoja kikubwa. Dumu lijaze theluthi mbili za urefu wa bango, sio dumu dogo kwenye bustani nzuri.
- Eneo la nyuma liwe tupu na rangi moja. Dumu ni njano, nyuma weka bluu iliyoiva. Epuka nyeupe ikiwa vumbi la barabara hiyo ni jingi.
- Herufi: kanuni ya mtaani ni sentimita 2.5 za kimo kwa kila mita 3 za umbali. Mita 60 unahitaji nusu mita. Ndio, nusu mita. Sasa unaelewa kwanini maneno ni matatu.
- Fonti nene, isiyo na mikia. Herufi zote kubwa zisizidi neno moja au mawili.
- Logo iwe pale jicho linapotua likitoka kwenye picha, mara nyingi chini kulia.

Kosa moja linalojirudia sana: kugeuza picha upande ili ikae vizuri. Ukiigeuza, mtu aliyekuwa anakula kwa mkono wa kulia sasa anakula kwa kushoto, na kwa watu wa pwani hilo ndio watakaloliona peke yake. Usukani nao unahamia kushoto na jina la kanga linasomeka kinyumenyume. Angalia mikono, magari na maandishi kila ukigeuza.

Hatua ya 8: Jaribu kabla hujamuonyesha mteja

Pachika dizaini kwenye zile picha ulizopiga ukiwa usawa wa dereva. Ipunguze kwenye simu mpaka bango liwe na ukubwa wa stempu. Muonyeshe boda sekunde nne, funga simu, muulize maswali mawili tu: umeona nini, na wanauza nini. Usimuulize kama ni zuri, atasema zuri ili akuridhishe. Usimuelezee pia, maana barabarani hutakuwepo.

Akisema "dumu limepandwa mchicha, wanauza mbegu", nanga haijashika. Rudi hatua ya 5. Labda ni "Limepata kazi nyingine" inayohitaji kuwa "Maji yapo ndani". Au jina la bidhaa liwe na neno *matenki* linalosomeka. Wakikosea wote watatu kwa namna moja, tatizo ni lako, na wakikosea kila mtu na lake basi una mapengo zaidi ya moja.

Hatua ya 9: Peleka kuchapa

Kwa bango la mita 12, dpi 30 (yaani nukta 30 kwa kila inchi) kwenye saizi kamili inatosha, ni kama pikseli 14,000 kwa upana. Ukifanya kazi kwa skeli ya moja kwa kumi weka dpi 300, ni kitu kile kile. Rangi weka CMYK, mfumo wa wino nne za kuchapia, tangu mwanzo, geuza maandishi yawe maumbo ili fonti zisibadilike kwenye mashine ya watu, acha nafasi pembeni ya kukunjia fleksi, ile turubai ya plastiki inayochapwa bango, na usiweke chochote cha maana huko. Omba kipande cha majaribio kichapwe, japo mita moja, kiangalie juani. Njano ya dumu kwenye skrini na njano ya fleksi ni vitu viwili.

Shida zinazojirudia na cha kufanya

*Mteja anataka namba tatu za simu.* Muulize nani anaandika namba akiwa anaendesha. Kama hakubali, moja, fupi, na jina la bidhaa linaloweza kutafutwa mtandaoni.

*Watu wanalipenda bango ila hawakumbuki la nani.* Wazo lako lingeweza kuwa la mtu yeyote. Dumu lililostaafu linaweza kuuza matenki, pampu, hata visima. Hapo unahitaji kitu cha mteja kiingie ndani ya picha yenyewe: rangi ya tenki lake iwe rangi ya nyuma ya bango, na ibaki hiyo hiyo kwenye kila bango litakalofuata. Ile nyekundu ya The Economist ilifanya kazi hiyo kwa miaka.

*Wanaelewa wakielezewa tu.* Punguza. Toa kitu kimoja, jaribu tena, toa kingine. Mara chache sana dawa ni kuongeza.

*Limeeleweka vibaya kwa namna ya kukera.* Hii hutokea zaidi ukitumia mavazi, dini, kabila, maumbile ya watu au misiba. Wale watu watatu wa majaribio wawe wa pale bango linapokwenda, boda wa Kinondoni hatakuambia Tanga watasemaje. Na likishakera shusha, usianze kufafanua dhamira yako.

*Wazo limefanana na la mtu mwingine.* Kama ni bahati mbaya badilisha tamathali, dai libaki. Ndio faida ya zile kurasa za hatua ya 3, usizitupe.

*Mteja anasema hili ni tupu mno, nimelipia eneo lote.* Mpeleke barabarani. Kweli, mpakie kwenye gari mpite mbele ya mabango mengine matano kwa spidi ya kawaida, alafu mkiwa mmeshapita muulize la tatu lilikuwa la nini.

*Skrini badala ya fleksi.* Usitume video ya sekunde kumi yenye hadithi, hakuna anayeikuta mwanzo. Picha ile ile moja, pengo lile lile, mwendo uwe mdogo, tuseme majani ya mchicha yanatikisika. Na usiku omba mwanga upunguzwe, skrini inayompofusha dereva haisomeki.

*Fleksi imelegea au imepauka baada ya miezi michache.* Hii imalizwe kwenye mkataba na mwenye bango kabla ya kufunga: nani anakaza, nani anachapa upya, ndani ya siku ngapi, na taa ikiungua nani anabadilisha. Pita mwenyewe kila baada ya wiki mbili ukapige picha, maana mteja wako hapiti hiyo njia.